Zamu ya Kucheza na Atusaye

Mwanzoni Tusekile aliifurahia ile karatasi, na hilo ndilo lililomtia kinyaa baadaye kuliko mengine yote. Siku Mwalimu Zenon alipoibandika kwa uji wa unga kwenye ukuta wa darasa la pili, Tusekile alisimama mbele yake akaisoma mara mbili, kisha akasema, "Mungu akubariki, mwalimu." Alisema hivyo kwa kinywa chake mwenyewe, wala hakuwa amelazimishwa na mtu.

Juu iliandikwa kwa wino mwekundu: ZAMU YA KUCHEZA NA ATUSAYE. Chini yake siku tano za wiki, na kila siku jina la mtoto mmoja. Upande wa kulia ilikuwapo zamu ya kumwagilia bustani, upande wa kushoto zamu ya kusafisha vyoo, zote kwa mwandiko uleule mzuri wa mwalimu mkuu.

Atusaye alikuwa binti pekee wa Tusekile na Ambakisye, bwana shamba wa kata, watu wa Mbeya walioletwa na kazi katika kijiji hiki kipya cha Ufipa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kupita kijiji cha Pito. Alikuwa na miaka tisa. Hakuwa bubu wala kiziwi. Mganga wa zahanati alimpigia kengele ya baiskeli karibu na sikio, mtoto akaruka hatua tatu, mganga akaandika kwamba masikio ni mazima na hakujua aandike nini zaidi. Maneno alikuwa nayo, tena mengi, ila yote aliyatoa kwenye redio ya baba yake. Ukimuuliza kama ameshiba, anakutazama begani na kukujibu kwa sauti nzito ya mtangazaji: "Hii ni Radio Tanzania, Dar es Salaam."

Basi lingekuwa hilo tu, watu wangecheka yakaisha. Lakini makofi yalimtesa. Na Ufipa nako, mtu mwenye adabu humsalimu mwenzake kwa kuchutama na kupiga makofi polepole, hata mtoto mdogo anajua. Sasa mtoto anayeziba masikio na kukimbia kila anaposalimiwa, utamweleza nani akuelewe? Wanawake kisimani hawakukosa la kusema. Mmoja alisema Tusekile alikula mayai akiwa mjamzito. Mwingine alisema wageni hawa wana kiburi, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Walisema hayo ndoo zao zikiwa zimejaa tayari, wakiwa hawana sababu yoyote ya kuendelea kusimama pale ila utamu wa kusengenya.

Kilichomkimbiza Tusekile shuleni ni maneno ya Mwalimu Zenon mwenyewe. Alimwita ofisini, akamwambia kwamba shule ya ujamaa hujenga watoto wa kushirikiana, na mtoto asiye na mwenzake hata mmoja anavunja moyo darasa zima. "Namvumilia mpaka mwisho wa muhula, Mama Atusaye. Akiwa bado hivi alivyo, mtamlea wenyewe nyumbani."

"Nisaidie basi, mwalimu. Apate rafiki mmoja tu."

"Mmoja?" Mwalimu alicheka. "Nitakupa watano."

Ndivyo ile karatasi ilivyozaliwa.

Tusekile akakunja mikono ya gauni. Aliagiza unga wa ngano na sukari kutoka madukani Mazwi, mjini, na kila alasiri alikaanga maandazi kwa ajili ya rafiki wa siku hiyo. Rafiki wa siku alikuja moja kwa moja kutoka shuleni, akasimama mguu sawa mlangoni, akatamka, "Shikamoo mama, nimekuja kwenye zamu." Alikula kwanza, kisha akacheza, na jua likifika usawa wa mlingoti wa bendera ya shule, ambao Tusekile alizoea kuutazama kama saa, rafiki alipangusa mdomo na kwenda zake, hata kama mpira ulikuwa bado unazunguka hewani.

Bora wa wote, kwa macho ya Tusekile, alikuwa Flavian wa Jumatatu, mtoto wa mwenyekiti. Flavian alikuwa mchangamfu. Alimshika Atusaye mkono, akamzungusha uani, akampigia kelele za kumtia moyo, na Tusekile dirishani machozi yakamlenga kwa furaha. Ilimchukua majuma matatu kusikia Flavian alichokuwa akimfundisha. Siku hiyo alitoka na sahani, akawakuta watoto sita nyuma ya jiko, watano hawamo kwenye zamu. Flavian amemwekea Atusaye gunzi la hindi mdomoni kama kipaza sauti. "Sema, redio! Sema, 'Mama yangu ananuka mavi!'" Na Atusaye, kwa ile sauti nzito ya taarifa ya habari, akasema. Watoto wakaanguka chini kwa kicheko, midomo inang'aa mafuta ya maandazi ya Tusekile.

Mafuta yale midomoni ndiyo yaliyomchefua zaidi. Aliwafukuza, akaingia ndani, akamwaga unga uliokandwa kwenye debe la nguruwe wa jirani.

Jioni alimweleza mumewe. Ambakisye alikuwa anapangusa matope kwenye viatu kwa kisu. "Watoto ni watoto," alisema. "Angalau wanacheza naye. Ukienda kulalamika, mwalimu atasema hatuna shukrani, na muhula unaisha mwezi ujao."

Na Tusekile hakwenda kulalamika. Jumatatu iliyofuata akakaanga tena.

Lakini hasira ikikosa pa kwenda hutafuta mnyonge. Mnyonge alikuwa Adela.

Adela alikuwa rafiki wa Alhamisi, binti wa Silvana, mjane mwenye shamba chini ya kilima karibu na kijito. Mwembamba, mkimya, nywele zimenyolewa kipara kwa ajili ya chawa. Huyu hakusimama mguu sawa mlangoni. Hakugusa andazi hata siku moja, alisema tu, "Nimeshiba, mama," ingawa mbavu zake zilimsuta. Alikwenda uani alipokaa Atusaye, akaketi chini, akamgeuzia mgongo. Hivyo hivyo, mgongo kwa mgongo, saa nzima, kila mmoja akichokonoa udongo wake kwa kijiti. Hapakuwa na wimbo wala mpira, hata neno. Jua likiteremka, Adela alijipangusa vumbi akaondoka bila kuaga.

Tusekile alimtazama kutoka dirishani na damu ikamchemka. Anamsusa mwanangu, alijiambia. Amelazimishwa kuja, basi anatuonyesha mgongo ili tujue. Na andazi langu analionea kinyaa! Kumsema mtoto wa mwenyekiti hakuthubutu. Mtoto wa mjane, alithubutu. Ijumaa asubuhi alikwenda shuleni akamwambia Mwalimu Zenon kwamba Adela hatimizi wajibu wake, anamgeuzia Atusaye mgongo kwa dharau, na ni afadhali atolewe.

"Umefanya vyema kuniarifu," alisema mwalimu, akachukua kalamu nyekundu.

Tangu siku hiyo Atusaye akaharibika. Zamani alichelewa kidogo kurudi kutoka shuleni, akafika na matope mikononi na uso umetulia, na Tusekile alidhani ni kazi za bustani. Sasa alirudi mapema, mbio, akaingia chini ya kitanda na kugonga kichwa kwenye ubao wa kitanda, goto, goto, goto, mpaka Tusekile amvute miguu. Redio ya mdomoni ilizima kabisa. Tusekile akaongeza sukari kwenye maandazi. Hakuwa na akili nyingine.

Majuma mawili kabla ya muhula kwisha, ilitangazwa kwamba mgeni wa wilaya atakuja kuona maendeleo ya kijiji. Mwalimu Zenon aliinakili ile karatasi upya kwenye ubao mpana, akaichorea mpaka wa maua. Alimwambia Tusekile kwamba hakuna shule nyingine katika bonde hili lote yenye jambo kama hilo. "Mgeni akiona hivi, Atusaye habanduki shuleni. Nakuhakikishia. Wewe mlete akiwa msafi tu."

Tusekile akamwogesha, akampaka mafuta, akamvika sare iliyopigwa pasi kwa makaa. Mtoto alikuwa ameshupaa mwili mzima. Njiani alijaribu mara mbili kukata kona kuelekea kijitoni, na mara mbili Tusekile akamrudisha kwa nguvu kwenye njia ya shule.

Landrova ilifika saa nne. Mgeni akakaa chini ya turubai, akaletewa soda na kuku mzima wa kukaanga, akawa anakula huku anatazama. Walipita vijana na majembe mabegani, wakapita kina mama na ngoma ya ulezi mpya. Kisha Mwalimu Zenon akasimama mbele ya ubao wenye maua na kueleza jinsi shule yake ilivyomshinda adui upweke. Akainua mkono. Watoto arobaini wakatoka mstarini wakiimba wimbo alioutunga mwenyewe, "Atusaye mwenzetu, tumpende kwa zamu," ngoma mbili zikipigwa, na makofi, makofi ya watoto arobaini na ya kijiji kizima. Katikati yao Flavian na mwenzake Wilibrodi wamemshika Atusaye huku na huku, wamembana makwapa, wanamchezesha.

Hakulia kwanza. Mdomo ulifunguka na sauti haikutoka. Alitaka kuinua mikono azibe masikio, na wale wawili, kwa sababu walikuwa wameelekezwa wasimwachie, walimkaza. Mkojo ukamtiririka miguuni hadi kwenye vumbi. Ndipo akapiga ukelele, akamng'ata Flavian mkono mpaka damu ikatoka.

Wimbo uliendelea. Hilo Tusekile hakulisahau mpaka uzeeni: wimbo uliendelea ubeti mzima zaidi. Wanawake wale wa kisimani walikuwa wameziba midomo kwa khanga, wanatikisika kwa kicheko. Mgeni alikuwa ameshika paja la kuku, ameacha kutafuna, mafuta yanamteremka kidevuni. Na Mwalimu Zenon alimsogelea Tusekile akitabasamu kwa ajili ya mgeni, akasema kwa meno yaliyofungwa, "Mtoe mwanao. Anatuaibisha."

Kabla Tusekile hajafika, Atusaye alikwishachomoka. Alikimbia kupita turubai, kupita darasa, akashika njia ya kijitoni. Tusekile akamfuata na viatu vyake vya kanisani, ameshikilia gauni. Kwenye uzio wa shule akainama akatapika. Akapangusa mdomo, akaendelea kukimbia.

Alimkuta kwenye shamba la Silvana. Shamba lote lilikuwa la intumba, yale matuta ya duara ya Wafipa: unakata udongo pamoja na majani yake, unaugeuza majani yaende chini, unalundika, unaacha yaoze mpaka msimu wa kupanda ulezi. Ambakisye aliyapiga vita kila siku kwenye mikutano, akitaka watu walime matuta ya mistari. Atusaye alikuwa amelala kifudifudi juu ya tuta moja, amelikumbatia, mgongo unapanda na kushuka kwa pumzi. Matuta ya upande ule hayakufanana na mengine. Yalikuwa madogo, kama ishirini hivi, na kila bonge la udongo limepangwa ncha ya majani ikielekea upande mmoja, kwa uangalifu ambao mtu mzima hana muda nao. Kando ya kila moja lilikuwapo jingine, lililolundikwa na mkono mwingine. Yalikwenda mawili mawili, mpaka mahali yalipokatika ghafla.

Silvana alikuwa amesimama na jembe. Hakuchutama wala hakupiga makofi, na kwa mwanamke wa huku hilo lilikuwa tusi tosha.

"Umekuja kutusemea tena, mke wa bwana shamba?"

"Silvana, mwanangu anajuaje hapa?"

"Alikuwa anakuja kila siku wakitoka shule. Yeye na Adela. Huyu analima lake, huyu lake, wamepeana mgongo. Huyu wako hapendi kutazamwa, na mwanangu alijua hilo siku ya kwanza. Sijui wewe uliyemzaa ulikuwa unaangalia wapi." Akaita, "Adela! Njoo hapa. Geuka."

Adela alitoka nyuma ya kibanda. Aligeuka bila kuuliza. Nyuma ya miguu, juu ya kisigino hadi chini ya goti, kulikuwa na michirizi ya fimbo, mingine imekauka, mingine bado ina maji.

"Hii ni kwa kumgeuzia mgongo mtoto wa mkubwa," alisema Silvana. "Na hii ya juu, aliyopigwa Jumatano, ni kwa sababu huyu wako alimfuata hadi hapa na mwalimu akasikia. Ameambiwa asimkaribie tena. Kwa hiyo amekuwa akimfukuza kwa mawe. Mtoto wangu, anamrushia mwenzake mawe huku analia."

Tusekile alitazama ile michirizi. Alimkumbuka Flavian na gunzi lake, na maandazi aliyoendelea kumkaangia. Kinyaa alichokuwa nacho kwa mwalimu, kwa mgeni na kuku wake, kwa wale wanawake, chote kikageuka na kumrudia yeye. Nyani haoni kundule, na yeye alikuwa ameliona leo, jekundu, mbele ya mjane na mtoto.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekwenda kusema. Adela, nisamehe, mwanangu. Rudi ucheze naye."

Adela alitikisa kichwa. "Nitapigwa."

"Nitamwambia mwalimu asikupige."

"Ulimwambia anipige kwa mdomo wako, watu wakasikia." Aliongea taratibu, akitazama kidole cha mguu wake. "Kamwambie watu wakisikia."

Silvana hakumkemea mtoto kwa kumjibu mkubwa hivyo. Aliegemea jembe tu, akasubiri.

Tusekile akarudi. Njia nzima alijua ni nini kitapotea. Muhula ulikuwa umebaki majuma mawili, na mgeni alikuwa ndiye tumaini. Alikuta ngoma zimetulia, wakubwa wamekaa mezani, Ambakisye miongoni mwao, ameinamisha uso kwenye sahani. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya turubai, na hakupiga goti.

"Shikamoo, mzee," alimwambia mgeni. "Ule ubao ni uongo. Mwanangu hana marafiki watano. Ana mmoja, anaitwa Adela wa Silvana, na mwalimu mkuu amemchapa mpaka miguu imechubuka kwa sababu mimi nilimsemea ubaya. Nilisema anamdharau mwanangu. Nilisema uongo bila kujua, na watoto waliokuwa wanamdhihaki nikawakaangia maandazi. Nataka asipigwe tena. Na nataka wote mlioko hapa mjue kwamba kosa lilikuwa langu."

Mahali fulani nyuma mtu alipenga kamasi. Mgeni aliangalia saa yake, akamgeukia Mwalimu Zenon na kumuuliza kama hayo ni mambo ya kuletwa mbele ya wageni. Mwalimu Zenon alisimama, na lile tabasamu lilikuwa bado limebaki nusu usoni, halijui liende wapi.

"Adela hatapigwa," alisema, "kwa kuwa mama mwenyewe amekiri. Na huyo Atusaye, kwa kuwa hataki ushirikiano wetu, kuanzia Jumatatu asije."

Ambakisye alitaka kusimama, akajikuta ameketi tena. Tusekile hakumngoja. Alipita katikati ya watu, na wale wanawake walimpisha upesi kana kwamba ana ndui, na yeye pia hakutaka nguo yake iguse zao.

Shambani Atusaye alikuwa ameamka na kukaa. Adela alisimama mbali kidogo, jembe dogo mkononi, macho yako njiani.

"Nimesema," alisema Tusekile. "Watu wote wamesikia. Hutapigwa."

"Na yeye?"

"Amefukuzwa shule."

Adela aliyapima matuta kwa macho, kama mtu mzima anayepimiwa shamba. Kisha akaenda mpaka pale matuta yalipokatika, akaweka jembe chini karibu na goti la Atusaye bila kumtazama, akachukua jingine, akageuka, akaanza kukata udongo. Haukupita muda, nyuma yake jembe la pili nalo likaanza kugonga ardhi. Tusekile alisikia, kwa sauti ya chini na nzito, mwanawe akilitangazia tuta lake habari za hali ya hewa.

Alisogea hatua mbili amwone uso.

"Mama," alisema Adela, bila kugeuka, "wewe nenda nyumbani. Ukisimama hapo hawezi kulima."

Tusekile alitaka kukaa. Alikuwa amenunua kukaa pale kwa bei yote aliyokuwa nayo. "Nije kumchukua saa ngapi?"

"Usije. Atakuja mwenyewe, njia anaijua."

Silvana alikuwa tayari ameinama kwenye kazi yake. Tusekile alivua viatu vya kanisani vilivyojaa matope, akavishika mkononi, akaanza kupanda kilima peke yake.